Rangi ya Jua Bila Jua

Mkono wa mtu mweupe aliyezaliwa na kuzeekea Queensland, kaskazini-mashariki mwa Australia, una mengi ya kusomwa. Mgongo wa kiganja umejaa madoa ya kahawia, makubwa kwa madogo, na katikati yake kuna vidoti vyeupe ambako ngozi imeacha kabisa kutengeneza rangi. Ngozi yenyewe imekonda hata mishipa inaonekana, na ikigongwa kidogo tu na ukingo wa meza inavilia damu. Mkono wa kulia mara nyingi umeharibika kuliko wa kushoto, kwa kuwa Waaustralia huendesha magari kama sisi, dereva akikaa kulia, na jua la miaka arobaini limekuwa likiingia dirishani na kutua palepale. Ukipapasa kuanzia kifundo cha mkono kwenda kwenye kiwiko, utakuta mahali panapokwaruza vidole kama msasa, hata kabla jicho halijaona kitu.

Mwenye mkono huo anaingia saluni akitaka awe na rangi ya asali siku ya harusi ya mjukuu wake. Ujanani aliipata kwa kulala ufukweni tangu asubuhi hadi jioni. Leo daktari wake amemkanya asiote jua tena, naye ametii. Anachoomba ni rangi ya kupaka, yaani losheni inayoigeuza ngozi kuwa ya kahawia kwa saa chache na kukaa hivyo karibu wiki moja. Nimeitazama kazi hiyo ikifanywa na mwanamke mmoja mwenye saluni huko Brisbane, na tangu hapo nimekuwa nikiisoma na kuiulizia kila nipatapo nafasi. Asiyejua ataona ni kupaka mafuta tu. Lakini kwa ngozi iliyopigwa na jua maisha yote, ni ufundi unaodai macho, vidole na subira, na sehemu yake kubwa hufanyika kabla kifuniko cha chupa hakijafunguliwa.

Msomaji wa Tanga au Kisumu huenda akashangaa kwamba wapo watu wanaolipia weusi, wakati huku kwetu wapo wanaojichubua kwa mkorogo. Mimi sioni la kuchekwa upande wowote. Ulaya ya zamani, weupe usioguswa na jua ulikuwa alama ya mtu asiyeshika jembe. Katika miaka ya 1920 mambo yakageuka, na jina la mbunifu wa mavazi wa Ufaransa, Coco Chanel, hutajwa sana katika habari hiyo: ngozi iliyoiva juani ikawa ishara ya mtu mwenye nafasi ya kwenda likizo baharini. Gharama ya mtindo huo imelipwa na ngozi zenyewe. Queensland ni miongoni mwa sehemu zinazoongoza duniani kwa melanoma, saratani ya ngozi iliyo hatari kuliko nyingi, na nchini Australia kwa jumla inakadiriwa kwamba watu wawili kati ya watatu watakuwa wamegunduliwa na saratani ya ngozi ya aina moja au nyingine kufikia umri wa miaka 70. Ndiyo maana tangu 1981 watoto wa huko wamekua wakiimbiwa kampeni ya Slip! Slop! Slap!, inayowaambia wavae shati, wapake losheni ya kuzuia jua na wavae kofia. Kufikia 2016, biashara ya mashine za taa za kuivisha ngozi ilikuwa imepigwa marufuku katika majimbo yote. Kwa anayeitamani bado ile rangi, kilichobaki ni chupa, na madaktari wa ngozi wenyewe husema kwamba kama ni lazima mtu awe wa kahawia, basi na iwe kwa njia hiyo.

Chupa hiyo asili yake ni hospitalini. Katika miaka ya 1950, Eva Wittgenstein wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, alikuwa akiwanywesha watoto wenye ugonjwa wa kurithi wa glaikojeni sukari moja iitwayo dihidroksiasetoni, ambayo kwa kifupi huandikwa DHA. Watoto wakawa wanaitema nyingine, inawamwagikia mwilini. Baada ya saa chache ngozi iliyomwagikiwa ikawa ya kahawia, na nguo hazikubadilika. Watu wengi wangeifuta na kuendelea na kazi. Wittgenstein alijipaka mwenyewe, akarudia, akapata rangi ileile, na mwaka 1960 yeye na Helen Berry wakachapisha matokeo yao katika jarida la Science. Mwaka huohuo kampuni ya Coppertone ikaingiza sokoni losheni yake ya kwanza ya namna hiyo. Zile za mwanzo ziliwaacha watu na rangi ya chungwa na mistari miguuni, na sifa hiyo mbaya bado inaufuata ufundi huu mpaka leo.

Kinachotokea kwenye ngozi kinafaa kueleweka, kwa sababu kila tendo la fundi linatokana nacho. DHA ni sukari ndogo mno, ya kaboni tatu tu. Ikiwekwa juu ya ngozi inaungana na amino asidi za keratini, protini inayoijenga ngozi ya juu, na muungano huo unazaa rangi ya kahawia. Ni mmenyuko uleule alioueleza mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912, unaoupa mkate ganda lake na nyama choma harufu yake. Tofauti ni kwamba hapa hakuna moto. Joto la mwili linatosha. Na yote hayo hutokea kwenye tabaka la juu kabisa la ngozi, tabaka la seli zilizokwisha kufa ambalo, sehemu kubwa ya mwili, unene wake haufiki robo ya unene wa karatasi. Melanini, rangi yetu ya asili, hutengenezwa chini zaidi, ndani ya ngozi iliyo hai, nayo haiguswi. Seli zilizokufa zinapopukutika, rangi inaondoka nazo.

Wanawake wa Pwani wanalijua jambo hili kwa mikono yao. Hina nayo hushika keratini. Rangi iliyomo ndani yake, ambayo wanakemia huiita losoni, inaingia katika tabaka hilohilo la seli zilizokufa, ndiyo maana hina hukolea sana viganjani na nyayoni, ambako tabaka hilo ni nene, na hupauka upesi mgongoni mwa mkono. Ukipaka DHA bila kuangalia, viganja vyako vitakolea kwa sababu hiyohiyo, ila kwa bibi harusi wa Lamu kiganja kilichokolea ni urembo, na kwa mteja wa Brisbane ni aibu inayomfanya afiche mikono mfukoni. Undugu wa vitu hivi viwili si wa maneno tu. Katika miaka ya 1960 daktari Ramon Fusaro na wenzake nchini Marekani walijaribu kuwapaka DHA pamoja na rangi za jamii ya hina watu ambao ngozi yao haivumilii kabisa mwanga wa jua, wakitafuta kuwajengea kivuli ndani ya ngozi yenyewe. Aliyewahi kukaa na mtia hina hodari, akamwona anavyoikagua ngozi, anavyopima unga na maji, anavyomkataza bibi harusi asiguse maji mapema, hatapata tabu kuielewa heshima niliyonayo kwa fundi wa losheni.

Fundi niliyemtazama huanza na taa na vidole. Mteja anakaa, anavua mikono ya blauzi, na kwa muda mrefu hakuna kinachopakwa. Fundi anatazama, anapapasa, anauliza. Mara ya mwisho umekaguliwa lini na daktari? Doa hili lilikuwepo mwaka jana? Unapaka dawa gani usiku? Swali la dawa ni zito. Anayepaka krimu za retinoidi au za asidi kwa ajili ya makunyanzi, seli zake za juu hupukutika haraka, na rangi itamtoka viraka viraka siku ya tatu. Na aliyeandikiwa krimu ya fluorourasili, ambayo madaktari huitumia kuunguza vidonda vya mwanzo vya jua, ngozi yake huwa nyekundu na yenye magamba kwa majuma. Huyo anaambiwa arudi atakapopona kabisa.

Kisha kuna ile sehemu inayokwaruza. Madaktari huiita keratosisi ya jua: kigaga kidogo, kikavu, mara chekundu mara cha rangi ya ngozi, kinachobanduka na kurudi palepale. Vingi havina madhara makubwa, lakini baadhi huweza kugeuka saratani. Kwa anayejipaka nyumbani, kigaga hicho ni kero ya urembo tu, kwa kuwa keratini yake ni nyingi na hunywa rangi kuliko ngozi jirani, kikabaki doa jeusi katikati ya mkono. Hushawishika kukisugua mpaka kitoke. Fundi hakisugui na hakipaki. Anamwandikia mteja kwenye karatasi mahali kilipo, anampa akampelekee daktari. Hufanya vivyo hivyo kwa doa lenye kingo zisizo sawa, lenye rangi zaidi ya moja, linalokua, linalowasha au linalotoka damu. Nilimwona akimrudisha mama mmoja aliyekuja na pesa mkononi na sherehe wiki hiyohiyo. Alimwambia: kaguliwa kwanza, mimi nipo. Sioni sehemu ya kazi hii inayohitaji moyo zaidi ya hapo.

Kuna sababu nyingine ya kumtanguliza daktari. Madaktari wa ngozi hukagua madoa kwa lenzi maalumu yenye taa, wakisoma mistari na vitone vya rangi ambavyo jicho tupu halivioni. DHA huweza kuichafua picha hiyo, ikaongeza rangi mahali pasipokuwa nayo. Kwa hiyo ukaguzi unafanywa ngozi ikiwa tupu, na kama mteja amekwisha kupakwa, ni wajibu wake amwambie daktari.

Baada ya kukagua huja kujaribisha. Tone moja la losheni linapakwa upande wa ndani wa kiwiko, na mteja anaenda nalo nyumbani kwa siku moja au mbili. DHA yenyewe ni nadra kumdhuru mtu. Mara nyingi kinachowasha ni manukato na vihifadhi vilivyochanganywa nayo, na ngozi iliyodhoofishwa na jua huwashwa upesi. Hapa nawakumbuka wenzetu wa Pwani na piko. Piko nyeusi ina parafenilenidiamini, kemikali ya dawa za kutia nywele rangi, na wapo waliochorwa ua zuri la piko mkononi wakaishia na malengelenge yenye umbo la ua hilo, na makovu juu yake. Tone moja lililojaribishwa mapema lingewaokoa baadhi yao. Fundi wa Brisbane hakubali kulipita jaribio hilo hata kwa mteja wake wa miaka yote, kwa kuwa chupa mpya huweza kuwa na harufu mpya.

Siku moja kabla ya kupakwa, mteja huoga na kujisugua. Kwa ngozi nzima na changa, watu hutumia chumvi au sukari. Kwa ngozi ya mzee aliyeungua, fundi anaagiza kitambaa laini cha pamba na maji ya vuguvugu, mkono mwepesi, na kuviepuka kabisa vigaga na mahali penye kuvilia damu. Lengo ni kuondoa seli zilizo tayari kuanguka, ili zilizobaki ziwe za umri mmoja na zipauke pamoja. Kunyoa miguu nako hufanyika siku hiyo ya kabla, ngozi ipate kutulia. Siku yenyewe hakuna mafuta, hakuna manukato, hakuna sabuni kali. DHA hufanya kazi vizuri kwenye ngozi yenye uasidi kidogo, kama ngozi ilivyo kwa asili, na mabaki ya sabuni huiharibu hali hiyo.

Sasa anafungua kopo, lakini bado si la rangi. Ni losheni ya kawaida ya kulainisha ngozi. Anaipaka kidogo kwenye viwiko, magoti, vifundo vya miguu na vya mikono, na pale nywele zinapoanzia kwenye paji la uso. Kote huko ngozi ni nene au kavu na hunywa rangi kwa pupa. Unyevu huo unaipunguzia kiu. Kwenye vigaga ambavyo daktari amevikagua na kusema vikae, anagusa vazelini kwa kijiti chenye pamba, kigaga kimoja kimoja, bila kuvuka mpaka wake. Hapo ndipo nilipokaa karibu nikatazama sana. Mgongo mmoja wa kiganja ulimchukua dakika kadhaa, ameinamisha taa, kijiti kikigusa na kuinuka, na baadaye nikaelewa kwa nini vile vidoti vyeupe hakuvigusa. DHA haihitaji melanini. Kidoti cheupe kisichoweza tena kutengeneza rangi yake chenyewe kitapokea rangi ya kupaka sawa na jirani zake, na kwa wiki moja hakitaonekana. Doa bapa la kahawia, lililo laini kwa kidole, nalo hupokea kama wenzake, likabaki limezidi kidogo tu. Kinachokwaruza ndicho kinachokolea. Ndiyo sababu ya vidole kutangulia: jicho lingevipanga vitu hivi vitatu kwa rangi zake, na kumbe kinachoamua ni mguso.

Losheni anayoichagua kwa ngozi kama hiyo ni dhaifu, ile ya kupaka kidogo kidogo kila siku, yenye DHA asilimia chache tu. Zipo kali zaidi, na tangu sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2021 kikomo huko ni asilimia 10 katika bidhaa za kutia ngozi rangi. Ukali humfaa mwenye haraka na ngozi ya sare. Ngozi yenye historia haitaki haraka. Matabaka matatu mepesi ya siku tatu humwezesha fundi kurekebisha, wakati tabaka moja zito likikosewa ni wiki nzima ya kungoja. Mimi naona uchaguzi huo wa chupa dhaifu ndio unaomtenga fundi na muuzaji, maana chupa kali ndiyo yenye faida dukani.

Kupaka kwenyewe kunaanzia miguuni na kupanda, ili mteja akiinama asije akakunja ngozi iliyokwisha kupakwa na kuacha mistari. Fundi huvaa glavu ya sponji na kuzungusha mkono kwa miduara mipana inayoingiliana. Losheni nyingi zina rangi ya kuongozea, inayoonyesha palipopita glavu na kuoshwa baadaye. Bila hiyo mtu angekuwa anapaka gizani, kwa kuwa rangi halisi haionekani mpaka saa mbili au tatu zipite. Shingo humpa kazi. Kwa wazee wa Queensland, pande za shingo na sehemu ya kifua inayoachwa wazi na kola huwa zimegeuka nyekundu-kahawia yenye mabaka, na chini ya kidevu, ambako kivuli kimekuwepo maisha yote, ngozi imebaki nyeupe kama ya mtoto. Anayepaka sawasawa kote anauhifadhi mpaka huo na kuukoleza. Fundi anapaka zaidi chini ya kidevu, anapunguza anaposhuka, na kwenye mabaka yenyewe anapitisha glavu karibu kavu, mpaka ule mstari wa kola unapotea. Anarudi nyuma hatua mbili, anatazama, anarudi tena.

Mikono huwa ya mwisho, na haipati losheni mpya. Inapata kilichobaki kwenye glavu. Mteja anaambiwa akunje vidole kama anayeshika embe, ngozi ya vifundo ivutike, na glavu inapita juu mara moja tu. Kisha viganja vinafutwa kwa kitambaa chenye maji, kati ya vidole vinapitishwa kitambaa hichohicho, kucha zinafutwa. Ukiangalia kwa karibu, mpaka kati ya mgongo wa kiganja na kiganja chenyewe haujakatwa kwa mstari. Umefifishwa kwa upana wa kidole kimoja, kama ulivyo kwa mtu aliyezaliwa na rangi yake. Sisi tulio weusi tunao mpaka huo na hatuutazami. Yeye alijifunza kuuiga kwa kuwatazama watu, na aliniomba nimwonyeshe wangu.

Mteja huondoka na nguo nyeusi zinazopwaya, asiguse maji kwa saa sita au zaidi, asitoe jasho, asilale juu ya mkono wake. Harufu humfuata, ile ya biskuti iliyoungua kidogo, ambayo hakuna manukato yaliyoweza kuifunika kabisa.

Kabla hajatoka, fundi humshika mabega na kumwambia jambo ambalo naamini ni zito kuliko yote aliyoyafanya: hujavaa kinga. Mtu akijiona wa kahawia kwenye kioo anajihisi amekingwa, na hapo ndipo rangi hii inapoweza kumponza. Rangi ya DHA huzuia mionzi ya jua kwa kiasi kidogo mno, tena hupungua upesi, haifai kuhesabiwa hata kidogo. Sheria ya Marekani huwalazimisha wenye kutengeneza bidhaa za aina hii zisizo na kinga ya jua waandike onyo hilo kwenye chupa. Isitoshe, utafiti uliofanywa Ujerumani kwa kutumia DHA kali kwenye ngozi ulionyesha kwamba ngozi iliyotoka kupakwa, ikipigwa na mionzi ya jua, huzalisha radikali huru nyingi kuliko isiyopakwa, na hizo ni miongoni mwa vitu vinavyoizeesha ngozi. Kwa hiyo siku ya kwanza ni ya kukaa kivulini kabisa, na siku zote zinazofuata ni za kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kuzuia jua yenye SPF 30 au zaidi, ikirudiwa kila baada ya saa mbili mtu akiwa nje. Fundi huanza kumpangia mteja wake saa ya kupakwa kwa kuuliza kesho yake ataamkia wapi. Akisema anakwenda kuvua samaki, anapangiwa siku nyingine.

Yeye hapulizii. Saluni nyingi zina mashine inayomwaga rangi kama ukungu, na kwa ngozi changa hutoa kazi safi tena ya haraka. Lakini Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imeidhinisha DHA kupakwa nje ya mwili tu. Haijaiidhinisha kuvutwa kwa pumzi wala kugusa midomo, macho na utando wa ndani wa pua, na inawataka wateja wa kupuliziwa wakingwe sehemu hizo. Kwenye ngozi iliyoharibiwa na jua kuna tatizo jingine: ukungu hauchagui. Unakipa kigaga sawa na unavyomlisha jirani yake, na kile kijiti chenye pamba hakina nafasi tena.

Ufundi huu una matumizi ambayo yananigusa karibu zaidi kuliko harusi za Brisbane. Mtu mwenye mbalanga, ambaye ngozi yake imepoteza rangi kwa mabaka, anaweza kuyafunika mabaka hayo kwa DHA. Juu ya ngozi nyeupe kabisa ya mbalanga rangi hushika, na tofauti na vipodozi vya kawaida haiachi alama kwenye kola wala haiondoki kwa jasho la siku moja. Kwa ngozi nyeusi sana haifiki weusi wenyewe, lakini hulainisha mpaka kati ya baka na ngozi, na kazi inakuwa ya brashi nyembamba, baka moja moja, kwa losheni iliyopimwa mara kadhaa mpaka ilingane. Ngozi yenye mbalanga haina kinga ya melanini, kwa hiyo onyo la jua ni lilelile, na kali zaidi. Ningependa kuona mafundi wetu wa hina wakifundishwa kazi hiyo na madaktari wa ngozi. Subira wanayo, na mkono wanao.

Siku ya tano au ya sita rangi huanza kutoka. Ngozi ya mzee, iliyo kavu, huitoa kwa viraka kama haikutunzwa, kwa hiyo mteja hupaka losheni ya kulainisha asubuhi na jioni tangu siku ya pili, akiepuka mafuta mazito. Vikitokea viraka, fundi haongezi rangi juu yake. Anapaka mafuta ya watoto, anayaacha yalowe, anafuta kwa kitambaa cha vuguvugu, na kurudia kesho yake, hadi mkono urudi ulivyokuwa, na madoa yake, na vidoti vyake vyeupe. Kisha huchukua taa na kuanza tena kupapasa. Karatasi ambayo mteja huiletwa kutoka kwa daktari baada ya kukaguliwa huwa ameibandika ukurasa wa kwanza wa daftari la mteja, na ikipita miezi kumi na miwili bila nyingine mpya, losheni haifunguliwi.